Mita Mia Tatu Kutoka Getini

Mtaani walimwita Mita, na jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye kinywa cha mama yake alipokuwa amekasirika. Alikuwa mpimaji wa manispaa kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza jambo moja ambalo hakufundishwa na mtu: hakuna kitu kinachokaa mahali pake kikishajua kwamba kitapimwa. Kuta husogea. Vibanda hutambaa. Aliwahi kupima uzio wa karakana asubuhi, akarudi alasiri kufuata kofia aliyoisahau, akaukuta umekwenda hatua mbili kuelekea barabarani. Mwenye karakana alimwambia ni upepo.

Basi Mita hakuwaamini watu. Kuwachukia, hakuwachukia, aliwasalimia vizuri, akawauliza hali za watoto wao, na huku akiuliza macho yake yalikuwa chini, yakikagua kama saruji ya msingi imekauka.

Alichokiamini kilikuwa gurudumu lake la kupimia. Lilikuwa na mpini mrefu kama wa fagio, tairi jembamba la mpira, na kisanduku cha tarakimu kilicholia tak kila lilipomaliza mzunguko. Mzunguko mmoja, mita moja. Halikuwa na shemeji, halikuwa na chama, halikuulizwa limekula nini. Kwa kuwa stoo ya manispaa ilikuwa na funguo tatu na watu wanane wenye funguo hizo, Mita alilala nalo nyumbani, limeegemea nyuma ya mlango wa chumbani. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, alikuwa ameshalizoea.

"Mke mwenzangu amerudi salama?" alikuwa akiuliza kila jioni, mdomo umejaa pini.

"Amerudi."

"Amechoka?"

"Yeye hachoki. Ndiyo maana nampenda."

Kila Januari alilikagua. Uani kwa manispaa kulikuwa na mstari wa majaribio: unaanzia kwenye pembe ya ukuta wa stoo na kuishia kwenye alama nyeupe sakafuni, mita hamsini kamili. Mita alilisukuma gurudumu kutoka ukutani hadi kwenye alama, akasoma hamsini, akaandika hamsini daftarini, akatia saini. Hakumjua binadamu yeyote ambaye angeulizwa swali moja kwa miaka kumi na tisa akatoa jibu lilelile. Mvua zilipoifuta ile alama, aliipaka upya mwenyewe. Mafundi rangi hakuwaamini.

Ndipo ikaja sheria mpya ya bidhaa za nikotini. Zamani vepu, zile sigara za umeme, ziliuzwa kama peremende, juu ya kaunta, karibu na chaja za simu. Sasa muuzaji alitakiwa awe na leseni, kila chupa ya kimiminika iwe na stempu ya ushuru, na ushuru wenyewe ukatozwa kwa mililita. Serikali ilikuwa imegundua kwamba ubaya unapimika: nikotini kwa miligramu, mvuke kwa mililita, na aibu kwa mita. Hiyo ya mita ndiyo iliyomwangukia yeye. Duka lenye kuuza bidhaa hizo halikuruhusiwa kuwa chini ya mita mia tatu kutoka geti la shule, na umbali ulipimwa kutoka getini hadi mlangoni, kwa njia anayopita mtu kwa miguu.

Alipima maduka thelathini na moja, na kila moja lilimwongezea elimu. Kinyozi mmoja aliyeuza vepu pembeni alikuwa ameziba mlango wa mbele kwa matofali na kuutangaza mlango wa choo kuwa lango kuu. Mama mmoja alimwonyesha njia ya kupita inayozunguka soko zima, akaapa kwamba ndiyo njia ya kawaida ya kila mtu. Mita alisukuma gurudumu lake, akasoma, akaandika. Wenye mia tatu na kuendelea walipata. Wenye mia mbili tisini na tisa walimpa majina mengine mbali na Mita.

Duka la kumi na saba lilikuwa la mdogo wake mwenyewe.

Huyu alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwao, na waliendelea kumwita Kitinda hata alipofika miaka arobaini na moja na kuanza kuvaa miwani ya kusomea. Alikuwa na duka dogo la kona, makava ya simu na chaja upande mmoja, na upande wa pili kabati la kioo lenye kufuli, ndani yake sigara za umeme zimepangwa kama saa za dhahabu. Kabati hilo ndilo lililolifanya duka liitwe duka. Chaja zilikuwa za kupitishia muda.

Mita alimpimia mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ni kazi, ya pili kwa sababu ni mdogo wake, na ya tatu kwa sababu alijishuku. Mara zote tatu gurudumu lilisema mia tatu na mbili. Chini ya fomu aliandika kwa herufi kubwa kwamba mwenye duka ni ndugu yake wa tumbo moja, akaipigia mstari sentensi hiyo. Leseni ikatoka.

"Hebu kaka niambie, wewe unayekaa karibu na serikali," Kitinda alimwambia siku hiyo akiimulika chupa kwa simu yake, kuhakikisha stempu si ya bandia. Alimulika kila chupa. Ilikuwa ni tabia ya ukoo. "Wananitoza ushuru kwa kila tone. Wananibandikia stempu. Halafu wananilazimisha niandike ukutani kwamba ninachouza kinaharibu mapafu. Wanataka niuze au nisiuze?"

"Wanataka uuze kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hicho hawajanipa nipime."

Mwaka ulizunguka, na leseni zikakaribia kuhuishwa. Afisa leseni naye alikuwa amebadilishwa. Huyu mpya alikuwa mama wa makamo aliyetoka makao makuu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuifunga nusu kompyuta yake mtu akiingia. Mita aliliona hilo tangu siku ya kwanza na kuliweka kiporo. Jumatatu asubuhi afisa huyo alimwita.

"Kaa, mzee wangu."

"Nitasimama."

Alifunga nusu kompyuta. "Nina barua ya mwalimu mkuu wa sekondari. Wanafunzi wake wa fizikia wamepima kutoka geti lao hadi kwenye duka moja la vepu. Kwa tepu ya chuma. Somo la vipimo, anasema. Wamepata mia mbili tisini na sita."

Mita hakuuliza duka lipi. Machale yalishamcheza.

"Wamepima mara ngapi?"

"Vikundi vinne. Vyote vimepata jibu hilo hilo."

"Vikundi vinne vikipata jibu moja kwenye mtihani, mwalimu husema wameibia."

Afisa hakucheka. "Fomu yako inasema mia tatu na mbili. Na mwenye duka ni nani?"

"Mdogo wangu. Nimeandika."

"Nimeona. Tena umepiga mstari. Mzee wangu, wanaoficha hawanisumbui sana, nawapata. Wanaonisumbua ni wanaoandika vizuri." Alisogeza barua pembeni kwa kidole kimoja. "Leseni yake inahuishwa Jumatatu ijayo. Nipe maelezo kwa maandishi kabla ya Ijumaa jioni. Nasikia pale njiani ulichimbwa mtaro. Kama njia ilibadilika tangu upime, andika hivyo, mimi nitafunga jalada na yeye atapata karatasi yake. Kama huna maelezo, jalada linakwenda kwa wachunguzi, na kabati la mdogo wako linafungwa kuanzia siku hiyo."

Mita alitoka nje akiugeuzageuza ule mtaro kichwani. Afisa mgeni anampa mtuhumiwa jibu mkononi kabla hajaombwa? Ama alikuwa mwema, ama alikuwa anamtegea. Katika miaka kumi na tisa Mita alikuwa hajakutana na wa aina ya kwanza ofisini.

Alikwenda moja kwa moja shuleni. Hakuingia; alisimama kwanza nje na kulitazama geti. Lilikuwa jekundu, jipya linang'aa. Aliinama akakagua nguzo, akakwangua udongo kwa kucha, akanusa.

"Umepoteza kitu, mzee?" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Geti hili lilipakwa rangi lini?"

"Likizo iliyopita."

"Na lilikuwa hapahapa?"

"Rangi haisogezi geti."

"Mwalimu, nimeona rangi ikisogeza mengi."

Mwalimu mkuu alimkaribisha ofisini, akavuta droo. Ndani mlikuwa na vitu kama thelathini, vya rangi za kuvutia: vyembamba, vya duara, vingine na picha za matunda. "Hivi nimevitoa kwenye mifuko ya sare muhula huu peke yake. Hiki nilidhani ni kalamu ya kukolezea maandishi. Nimesahihisha nacho nusu ukurasa nikishangaa kwa nini hakitoi wino." Akakirudisha. "Sina ugomvi na mdogo wako. Nataka tu kujua kama mia tatu za manispaa ni mia tatu kweli."

Mita aliokota kimoja, akakigeuza. Akaokota cha pili, na cha tatu.

"Havina stempu," alisema. "Vya mdogo wangu vyote vina stempu."

"Stempu hubanduliwa."

"Ikibanduliwa huacha gundi."

"Unavijua vizuri," alisema mwalimu mkuu, na ingawa alitabasamu, wote wawili waliisikia sentensi hiyo ilivyokaa.

Kutoka pale Mita alisukuma gurudumu, polepole, akifuata ukingo wa barabara, akivuka ulipokuwa mtaro. Ulikuwa umechimbwa, umefukiwa, na njia imebaki ilivyokuwa. Watu wawili vibarazani walimwangalia, mmoja akamnong'oneza mwenzake, na Mita alijua wananong'ona nini. Mlangoni kwa Kitinda alisimama na kusoma tarakimu. Mia tatu na mbili. Alifurahi kama mtu aliyekuta shahidi wake hajabadilisha maneno. Kisha akapiga goti na kuanza kukagua fremu ya mlango.

"Unafanya nini?" Kitinda aliuliza kutoka ndani.

"Nakagua."

"Unakagua mlango wangu? Kaka, fremu hiyo uliishikilia wewe mwenyewe fundi akipiga misumari. Ulimgombeza kwamba inapinda."

"Ilikuwa inapinda."

"Na sasa umekuja kuona kama nimeihamisha usingizini." Alitoka nje akaegemea ukuta. Habari alikuwa ameshazipata. Duka la kona halipitwi na habari. "Wanasema ulinibeba."

"Najua wanavyosema."

"Ulinibeba?"

Mita alisimama, akajipangusa goti. Hakuwa amefikiri kwamba swali hilo lingetoka upande huu. "Wewe unaonaje?"

"Mimi naona hukuwahi kunibeba hata nikiwa mdogo, ulikuwa ukinihesabia hatua." Akaelekeza kidevu barabarani. "Andika mtaro. Si kweli walichimba?"

"Walichimba, wakafukia."

"Basi nusu ya sentensi ni kweli. Watu wanaishi kwa pungufu ya hapo."

Siku tatu zilizofuata Mita alimshuku kila aliyekuwa na uwezo wa kushukiwa. Aliishuku tepu ya chuma ya shule, kwamba imekunjika katikati. Alimshuku mpimaji mwenzake wa idara ya maji, ambaye aliwahi kuitaka nafasi yake. Alimshuku afisa na kompyuta yake ya nusu. Kwa saa moja nzima, siku ya Jumatano, aliishuku barabara, kwamba pengine ikipata joto hutanuka.

Alhamisi alirudi nyumbani mapema, jua bado kali dirishani, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani na kumsimulia mkewe orodha yote. Mkewe alikuwa akishona sare, na hakusimamisha mguu.

"Umemshuku mwalimu," alisema, "umemshuku mdogo wako, umemshuku yule mama wa ofisini ambaye hata sura yake siijui. Na huyu mke mwenzangu?"

"Yeye anakaguliwa kila Januari."

"Na nani?"

"Na mimi."

Cherehani likanyamaza. Mkewe alinyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akaleta gurudumu na kulilaza mezani juu ya mapande ya kitambaa. Alivua futi shingoni, akaizungusha juu ya tairi kama anavyozungusha kiunoni kwa mteja, akaweka kidole gumba, akasogeza miwani.

"Tisini na nane, na kidogo."

"Futi yako imevutika. Ikivutika inasoma pungufu."

Alifungua droo, akatoa futi mpya ambayo haijatolewa kwenye karatasi yake, akampa mumewe aichane karatasi mwenyewe. Akaizungusha. "Tisini na nane, na kidogo kilekile."

"Zote umenunua duka moja."

Mkewe alichukua rula ya mbao ya kukatia vitambaa, ile ya mita moja iliyokuwa ya mama yake, akaiweka sakafuni. Mita alitia alama ya chaki kwenye tairi, akalisukuma gurudumu kandokando ya rula, mzunguko mmoja, hadi kisanduku kilipolia tak. Alama ya chaki iligusa sakafu upana wa kidole kabla ya mwisho wa rula.

Wote wawili waliinama wakaitazama.

"Mke mwenzangu amepungua kiuno," alisema mkewe.

Mita alilipapasa tairi. Lilikuwa laini kama kisigino cha mtoto. Alijaribu kukumbuka kama lilipokuwa jipya lilikuwa na mifereji, na akakumbuka kwamba lilikuwa nayo. Milimita tatu za mpira zilikuwa zimebaki kidogo kidogo kwenye kila kokoto la mji huu, na gurudumu lililopungua lilikuwa likizunguka haraka zaidi na kuhesabu mita ambazo hazikuwepo. Mita mia tatu na mbili zake zilikuwa mia mbili tisini na sita. Vikundi vinne vya fizikia havikuibiana.

"Lakini Januari lilisoma hamsini," alisema. "Kila Januari."

Mkewe alirudi kwenye cherehani. Hilo halikuwa la kupimwa kwa futi.

Asubuhi ya Ijumaa alifika uani kwa manispaa kabla ya wafagiaji, na tepu ya chuma aliyoiazima kwa yule mpimaji wa idara ya maji, ambaye aliitoa bila maswali na kwa hiyo akazidi kushukiwa. Alifunga ncha moja kwenye pembe ya ukuta wa stoo na kutembea nayo hadi kwenye alama nyeupe. Arobaini na tisa, na sentimita tano.

Alama ilikuwa nzuri, imenyooka, rangi haikumwagika popote. Aliipaka kwa mkono wake baada ya mvua zilizopita. Na kabla ya kupaka alipima wapi pa kuiweka. Alipima kwa gurudumu. Mwaka wa kabla yake vilevile, na wa kabla ya huo. Kila tairi lilipopungua, alama ilisogea kidogo kumfuata, na kila Januari alama ikathibitisha kwamba tairi ni zima. Alikuwa amewahoji mashahidi wawili kwa miaka kumi na tisa bila kujua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapelekea maneno.

Aliketi kwenye kizingiti cha stoo na daftari lake. Duka lolote alilolisoma chini ya mia tatu na sita halikuwa limefika mia tatu. Aliyahesabu: saba. La Kitinda lilikuwa mojawapo.

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Mkewe angenyamaza, alikuwa amenyamazia vipimo vya viuno vya nusu ya mji. Sentensi moja kuhusu mtaro ingemwachia Kitinda kabati lake, maduka sita mengine yangeendelea, mwalimu mkuu angepewa barua yenye muhuri, na gurudumu lingenunuliwa tairi jipya bila maswali. Mita aliipima njia hiyo mwanzo hadi mwisho na hakuona kasoro, isipokuwa moja. Januari angelazimika kuja hapa, kusukuma, kusoma hamsini na kutia saini. Watu wote aliowashuku maishani mwake walikuwa na kitu cha namna hiyo, mahali fulani, ambacho wao peke yao ndio waliokijua. Ndicho alichokuwa akikitafuta kwenye nyuso zao alipowauliza hali za watoto.

Aliandika kurasa mbili, na mtaro haukuwemo.

Afisa leseni alisoma yote, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akaifunga kompyuta kabisa.

"Nilikutajia mtaro."

"Nilisikia."

"Hapa unaniambia umekosea, na si duka moja, ni saba. Mzee wangu, mtu haji kujishitaki kwa saba alipoulizwa moja. Unaficha nini?"

"Nilijua utauliza. Ningekuwa wewe ningeuliza."

"Ningekuwa wewe," alisema afisa, "ningechukua msasa jana, nikalisugua tairi, nikaja kulia kwamba limeisha lenyewe. Kosa la kifaa si kosa la mtu, na mtu na mdogo wake wanatoka safi."

Mita alimtazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo Jumatatu. Hilo la msasa halikuwa limemjia hata yeye.

"Twende uani," alisema.

Afisa alivua viatu vya kisigino, akavishika mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akabana ncha ya tepu kwenye pembe ya ukuta. Alimkataza Mita asiiguse. Kisha akatembea peku hadi kwenye alama, akachuchumaa, akasoma mwenyewe. Wafagiaji walikuwa wamefika na waliacha kufagia.

"Arobaini na tisa na tano. Hii rangi ni ya lini?"

"Mwezi wa tano."

"Msasa haujui kurudi nyuma hadi mwezi wa tano," alijisemea. "Nani alipaka?"

"Mimi."

"Ulipima kwa nini?"

Mita alinyanyua gurudumu.

Afisa alilitazama gurudumu, akatazama alama, akarudi kwenye gurudumu. "Kwa hiyo hili liliikagua ile, na ile ikalikagua hili."

"Miaka kumi na tisa."

"Na hakuna aliyeshuku."

"Mimi nilishuku vyote vingine."

Alivaa viatu vyake. "Kwa hilo nitakupa barua ya onyo," alisema, "na nitaiandika kwa upole, lakini usidhani ni upole." Akaondoka na zile kurasa mbili.

Maduka saba yalipata notisi wiki hiyohiyo. Kitinda aliisoma ya kwake akiwa amesimama, akafungua kufuli la kabati na kuanza kuzipanga chupa kwenye boksi, kila moja na stempu yake. Mita alikuwa amekuja kumweleza mwenyewe, asije akaambiwa na mtu.

"Ushuru wamekula," alisema Kitinda bila kugeuka. "Mvuke ndio hawautaki."

"Ningeweza kuandika mtaro."

"Najua. Nilikuambia." Aliweka chupa ya mwisho. "Kaka, nenda nyumbani."

Wiki tano hawakuongea. Salamu zilipitia kwa fundi cherehani, ambaye alizifikisha bila kupunguza wala kuongeza. Manispaa ilileta gurudumu jipya ndani ya boksi, lenye cheti kilichogongwa mihuri mitatu. Mita alikisoma cheti, akakikunja, na alasiri hiyo akalizungushia futi ya mkewe. Likatoa mia moja kamili, jambo lililompa wasiwasi kidogo. La zamani lilibaki nyuma ya mlango. Mwalimu mkuu naye, walipokutana barabarani, alimwambia kwamba droo imejaa tena, vyote havina stempu, ilhali maduka saba yamefungiwa. Mita alitikisa kichwa. Wanaouza hivyo hawakuwa na mlango wa kupimia.

Wiki ya sita mkewe alimwambia, "Kitinda anakuita. Uje na tepu ya chuma. Amesema usilete mke mdogo."

Alimkuta amesimama ubavuni mwa duka, upande wa uchochoro, na fundi mwashi mwenye nyundo na patasi ameketi juu ya ndoo akisubiri. Ukutani kulikuwa na mlango umechorwa kwa mkaa.

"Wa mbele nauziba," alisema Kitinda, bila salamu. "Mtu atoke getini, apite mbele, akate kona, aingie huku. Kinyozi aliruhusiwa wa chooni. Mimi nimekosa nini?"

"Atakayekuja kupima rasmi siyo mimi. Sheria haiwezi kuniruhusu tena."

"Sijamwita mpimaji. Nimemwita kaka yangu."

Ilichukua karibu saa nzima, vipande kwa vipande, tepu ikilazwa na kunyanyuliwa kutoka geti jekundu hadi kwenye kona, na kutoka kona hadi kwenye mkaa. Mita aliandika kila kipande. Mwisho alijumlisha mara mbili.

"Mia mbili tisini na tisa, na sitini."

Kitinda alimwangalia. Fundi aliiangalia nyundo yake.

"Sentimita arobaini, kaka."

"Arobaini."

"Hakuna mtu duniani atakayeziona."

"Vikundi vinne vitaziona."

Kitinda alivuta pumzi ndefu, na ikaonekana kwamba sasa ataanza kusema yale yote ya wiki tano. Badala yake alilowesha kitambaa kwenye ndoo, akaufuta mlango wa mkaa, akamkabidhi kaka yake kipande cha chaki. Mita alipima tena kutoka kona, akaongeza sentimita hamsini badala ya arobaini, kwa sababu hakuziamini arobaini, akachora mstari wima.

Fundi alinyanyuka na patasi. "Kwa hiyo nianzie hapa?"

"Hapo ndipo ninaposema mimi."

"Basi nabomoa."

"Usibomoe. Usiniamini. Chukua tepu, uanze upya getini."

Fundi alimgeukia mwenye duka, uso umejaa malalamiko ya mtu anayelipwa kwa kazi na si kwa saa. Kitinda hakumtazama. Alikuwa ameshaiokota ncha ya tepu na kuanza kutembea kuelekea shuleni, na fundi hakuwa na la kufanya ila kumfuata, tepu ikijikunjua kutoka kwenye kisanduku chake mkononi mwake. Mita alibaki kwenye uchochoro, mikono mgongoni, hatua tatu kutoka kwenye chaki, asije mtu akasema ameigusa.